Misumari ya Kezia

Fundi Elifasi alikuwa ameshainua nyundo juu ya jeneza dogo, Mama Kezia akamshika mkono.

“Subiri, fundi. Hawa wachungaji wakubaliane kwanza mwanangu yuko wapi.”

Wachungaji wawili walikuwa wakibishana mlangoni mwa karakana. Mmoja alisema Kezia amelala humu humu mpaka parapanda ilie. Wa pili alisema mtoto yuko peponi tangu jana, hapa limebaki vazi tu.

“Soma Wathesalonike, ndugu yangu!”

“Niliisoma wewe hujaokoka bado!”

Ni hao hao waliomwambia Mama Kezia mtoto alipougua, huyu kwa hesabu za Danieli na yule kwa hesabu za Ufunuo, kwamba siku zimekwisha, zahanati ya nini. Mwaka wa njaa pia waliwakataza watu kupanda, huku wao wenyewe wakipanda na kuvuna mashamba yao.

“Mchungaji, kama amelala humu, akiamka gizani je? Kezia anaogopa giza.”

Wachungaji walikuwa wanatafutiana aya kwenye kurasa.

“Fundi, unapiga misumari mingapi?”

“Kumi na miwili, mama.”

“Piga miwili tu. Mikono yake haina nguvu.”

Elifasi akapiga miwili, polepole. Iliyobaki Mama Kezia akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jeneza likabebwa kwenda makaburini. Kifuniko kilikuwa kimelegea, kikawa kinagonga kila wabebaji walipopiga hatua, na kila kilipogonga, Mama Kezia aliitika kwa sauti ndogo, “Abee.”