Jina Lililobaki

Katika mji ule chini ya milima, ardhi ilitetemeka hata mara tano kwa siku. Kila ilipotulia, watu walisimama uani, mama wa kila nyumba akaita majina ya watu wake, nao wakaitika, "Nipo!"

Nakijwa aliita pia jina la Semboja, mumewe, aliyevuka milima miaka tisa iliyopita asirudi. Majirani walinyamaza kidogo, kumwachia nafasi ya kuitika.

Siku moja alimwita binti yake tu, akageuka arudi jikoni.

"Umebakiza mmoja, mwenzangu!" jirani yake alipaza sauti.

"Nimechoka, shoga."

Kisha jirani akaita mwenyewe, "Semboja!" Nyumba ya pili ikaita, na ya tatu, mpaka mtaa mzima.

Nakijwa alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akitega sikio upande wa milima.