Mwavuli wa Fundi Anselimu

Wenzake walirusha roketi zao upepo ulipotulia. Anselimu alisubiri uvume.

“Washa basi, Fundi, jua linatumaliza,” alisema Mwalimu Basil, mwenyekiti wa klabu yao ya roketi.

“Bado kidogo, Mwalimu.”

Alikuwa ameshika kipande cha uzi, akitazama unavyoyumba. Uzi ulipogeuka na kuelekea korongoni, akabonyeza swichi.

Roketi yake, ndefu kama kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole, ilipaa juu ya malisho ya Sigino mpaka ikawa kama kipande cha chaki. Kisha mwavuli wa kuishusha ukafunguka. Ulikuwa wa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, mkubwa kupita kiasi, na upepo ukaubeba hadi ng'ambo ya vichaka.

“Haya, tumekwisha tena,” aliguna Mama Shadya, mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Alijiunga na klabu ili kumsindikiza binti yake, na sasa binti ameacha, yeye ndiye haambiliki.

Alikuwa na haki ya kuguna. Siku ya kurusha iliyopita, roketi ya Anselimu ilipotelea kwenye mbaazi. Iliyotangulia, ilipotelea upande wa kilimani. Kila mara watu walizunguka mpaka miguu ikawaka moto, na kila mara, watu wakishachoka kabisa, Fundi mwenyewe ndiye aliyeiokota.

Lakini sheria ya klabu haikuwa na mzaha: roketi haiachwi porini. Kuna moja iliwahi kuangukia nyasi kavu na kuunguza shamba, na wenye mashamba wakasema mtu asiondoke tena pale kabla kila roketi haijapatikana. Basi ikipotea moja, mwenye nayo hutangulia mbio, na wengine wote hupanga mstari na kuchakura nyasi nyuma yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Anselimu akatangulia. Walipomfikia alikuwa amesimama katikati ya miiba, anahema, koti lake kubwa limefungwa mpaka shingoni na joto lote lile.

“Umeiona?” Basil aliuliza.

“Tafuteni kitambaa. Bluu, kina ndege wa njano. Msitazame mitini tu, tazameni na chini. Kwenye mizizi, kwenye mashimo.”

Basil alikuwa mpole, ila upole nao una mwisho. “Fundi, miavuli yetu yote unashona wewe, na yetu inashuka hapa hapa miguuni. Wako tu ndio wa kupotea. Leo iwe mwisho. Ama upunguze mwavuli, ama uache kurusha.”

“Nimesikia, Mwalimu. Nisaidieni leo tu.”

Watu wakatazama pembeni, maana hakuna asiyekijua kitenge kile. Mwaka juzi Anselimu alimshonea mkewe, Philomena, gauni. Siku aliyolivaa kwa mara ya kwanza, Philomena alitoka kwenda kumwona shangazi yake ng'ambo ya malisho haya, asirudi. Mwanzoni watu walimtafuta. Kisha wakatokea walioapa kwamba walimwona stendi, anapanda basi la Singida na mwanaume mwenye kofia. Lisemwalo lipo, mji ukasema, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Anselimu alipowaomba tena, walimpa pole na kumshauri aoe mwingine. Kwa hiyo alipojiunga na klabu na kushona mwavuli kwa kipande kilichobaki, wote walifurahi kwamba hatimaye amepata cha kumliwaza.

“Ndiyo kumbukumbu aliyobaki nayo,” Mama Shadya alimnong'oneza Basil. “Tumtafutie tu.”

Wakashuka korongoni. Anselimu alitambaa chini ya miiba mpaka mikono ikatoka damu. Alifukua majani. Aliinua mawe.

“Fundi,” Basil alisema taratibu, “roketi haiwezi kuingia chini ya jiwe.”

Anselimu aliinua jiwe jingine. Alikuwa akiomba kimoyomoyo, na hakujua tena anaomba apate au akose.

Jua likapoa. Watu wakaanza kutazamana na kujikung'uta nguo. Mwishowe Basil akachukua filimbi yake. “Turudi. Nitaongea na wenye mashamba mwenyewe.”

“Bado ile kona, Mwalimu. Kona ile tu.”

“Fundi, tumechoka.”

Anselimu akapiga magoti. Mtu mzima, fundi aliyeshonea nusu ya mji sare na suti, alipiga magoti mchangani mbele ya wenzake na kulia bila kujificha. Mfa maji haachi kutapatapa. Basil aliona aibu kwa niaba yake, kisha akajionea aibu mwenyewe, na filimbi akairudisha mfukoni.

Ndipo sauti ya Mama Shadya ikasikika kutoka kwenye kona ya korongo, imejaa furaha.

“Fundi, nyamaza, nimeupata! Ndege wa njano hawa hapa. Umenasa kwenye mizizi, nusu umefukiwa na udongo.”

Walimsikia akivuta, akiguna. Kisha akaacha kuvuta.

“Lakini, Fundi,” aliita tena, polepole, “mbona mwavuli una mikono?”

Anselimu aliinuka kumkimbilia. Koti lake likafunguka, na roketi ikaanguka mchangani mbele ya Basil, pamoja na mwavuli wake wa bluu, umekunjwa vizuri, hauna hata vumbi.