Mkono wa Mkurugenzi

Siku ya kwanza ya kufundisha mikakati ya biashara, Kihedu hakutulia. Alizungukazunguka mbele ya darasa kama angali mkurugenzi, akawasimulia wanafunzi kisa cha kiwanda alichokifunga mwenyewe kabla ya kuacha kazi.

“Haya, wanaoafiki kifungwe?” akauliza, na mkono wake ukatangulia juu, kwa mazoea ya vikao.

Darasa zima likanyoosha mikono.

“Kwa nini?” akamgeukia binti wa mbele.

“Si tumeona wako umepanda, mwalimu?”

Wakacheka. Kihedu hakucheka. Aliikumbuka ile meza ndefu ya kikaoni siku ya kukifunga kiwanda, mikono ikipanda kwa pamoja, naye usiku ule akalala usingizi mnono kwa kuwa wote wameafiki.

Alitaka kuushusha mkono, akasita. Wote walikuwa wakiutazama.