Amina ya Sheryl

Katika nyumba yao ya Tononoka, baba aliomba amefumba macho, samaki akipoa mezani. "Bwana, asante kwa chakula hiki. Asante pia kwa mume uliyemchagulia binti yetu, nasi tumemkubali."

Sheryl alikaza meno. Yeye hakuulizwa.

Mlangoni mbwa alikaa mbele ya bakuli lake, ute ukimning'inia mdomoni kama uzi. Sheryl ndiye aliyemfundisha asile mpaka yeye mwenyewe aseme amina.

"Amina," akasema baba.

"Amina," mama akaitikia kwa sauti ndogo.

Ute ukakatika, ukadondoka sakafuni. Mbwa hakubanduka. Alimkodolea Sheryl macho.

Baba akafumbua yake.

"Hata mbwa anakungoja wewe," akasema.

Sheryl akasimama, akauchukua mnyororo wa mbwa msumarini, akatoka naye bila kusema amina.