Mwali wa Njano

Kwa kutengeneza chumvi, shule nzima hakukuwa na wa kunifikia. Hata asubuhi ya mtihani wa vitendo niliwaambia wenzangu wakae karibu, wajifunze.

Tulichanganya asidi ya nitriki na haidroksidi ya potasiamu. Kilichobaki ni kuchemsha mpaka maji yapungue, kuzima moto, kisha kusubiri nitrati ya potasiamu igande yenyewe, sindano nyeupe moja moja.

Kusubiri! Mimi nikaongeza moto. Mchanganyiko ukakauka, ukaruka huku na huku kama mahindi kikaangoni, na chini ya bakuli pakabaki ukoko.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Nilikuwa narudia kidato kwa mara ya pili, na mama alishasema ya tatu haipo, nitafute jembe.

Nikageukia rafu, nikachota kijiko cha chumvi ya mezani na kuimwaga kwenye karatasi yangu. Nyeupe ni nyeupe, nikajipa moyo.

Mwalimu alipofika hata hakuitazama. Alichovya ncha ya waya humo, akaiweka motoni. Potasiamu huwaka zambarau hafifu. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua.

Mwali ukawaka njano, njano ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya mezani, njano ya kupiga kelele.

"Kijana, nini hii?"

"Waya mchafu huo, mwalimu. Haki ya Mungu!"

"Waya nimeuosha mimi," akasema mama wa maabara, aliyekuwa akisuuza chupa kwenye sinki nyuma yangu muda wote. "Na macho ninayo, mwanangu."