Mafuta ya Karai

Mama yake Mwanahamisi alikuwa bado katika eda, na karai lilikuwa bado juu ya jiko lililozimika, likiwa na mafuta meusi ya asubuhi ile mumewe alipoanguka akiwa na kipande cha muhogo mkononi.

Mwanahamisi alichutama, akafungua kichupa cha maabara.

"Wenzako wakirudi toka chuo huleta zawadi," mama alisema. "Wewe umekuja kuchukua mafuta machafu."

"Nimebadilisha utafiti, mama. Mafuta yakichemshwa tena na tena huzaa chembe kali, zinaitwa radikali huru. Nataka kujua zinavyoudhuru moyo."

Mama alilitazama karai. Alianza kukaanga mihogo katika karai hilo kabla binti huyu hajazaliwa, akiongeza mafuta mapya juu ya yale ya jana. Mihogo hiyo ndiyo iliyomsomesha. Na kila siku sahani ya kwanza ilikuwa ya mumewe.

"Moyo wa nani?"

"Wa mtu yeyote, mama."

"Nimekuuliza wa nani."

Mwanahamisi aliinamisha macho. Mama akakichukua kichupa mkononi mwake, akateka mafuta kwa upawa, akakijaza hadi shingoni na kukipangusa kwa upindo wa kanga.

"Ukishajua, uniambie mimi kabla ya walimu wako."

"Sawa, mama."

Alipofika mlangoni aligeuka. Mama alikuwa palepale, ameushika upawa juu ya karai, mafuta yakidondoka tone baada ya tone.