Dirisha la Mama Mwenye Nyumba

"Mama, wewe unapita huku," Obiero alisema, akausukuma ukuta, na ukuta ukafunguka.

Kumbe ulikuwa mlango. Ulibandikwa karatasi ileile ya maua iliyofunika chumba kizima, hata bawaba huzioni. Nyuma yake palikuwa na ngazi nyembamba ya mbao, imejipinda gizani kama utumbo wa mbuzi. Mama Akili alikusanya kitenge chake, akaanza kupanda, akiuburuza mguu wa kushoto. Mama Paskalia, msimamizi wa arusi, alitaka angojee juu asionekane mpaka aitwe.

Obiero alikuwa Mkenya. Alikuja Stockholm kusomea ujenzi, akabaki, akawa mtunzaji wa jumba lile karibu na Tumba, na alilipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Wakipanda, alimweleza kwamba zamani tajiri mmoja wa Kiswidi alitembelea Uingereza, akayaona majumba ya mabwana wa kule, akarudi kichwa kimejaa. Akajijengea la kwake vilevile: mabomba ya moshi marefu kama minara, madirisha ya vioo vidogovidogo vilivyogawanywa kwa mawe, ukumbi wa katikati ambao dari yake ni paa lenyewe, na ngazi kuu ya mbao ngumu inayoshuka mpaka mbele ya wageni. Jiko akaliweka mbali, harufu ya vitunguu isiwafikie. Na watumishi akawatengenezea njia zao ndani ya kuta.

"Nyumba nzima ilipangwa ili anayehudumu asionekane," alisema Obiero.

"Alijua kupanga," Mama Akili akajibu.

Arusi ilikuwa ya Mzee Édouard, mtu mkubwa wa kanisa moja la Wakongomani kule Rinkeby. Alikuwa mgane. Mke wake, Laurentine, alifia njiani katika vita vya tisini na sita, walipokuwa wakikimbia kutoka Uvira. Na kwao, mgane haoi mpaka mtu wa ukoo wa marehemu asimame mbele za watu aseme: tumekufungua, nenda. Sasa ukoo wa Laurentine utautoa wapi Stockholm? Édouard alimwambia Mama Paskalia atafute mama yeyote wa upande ule, aseme hayo maneno, ale wali wake, aende zake. Hata kumwona kwanza hakutaka.

Mama Paskalia aliuliza huku na huku mpaka akafika Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni za mjini, kwa mama mmoja aliyeletwa pamoja na wakimbizi wa juzijuzi. Watu walimwita Mama Akili kwa jina la yatima aliyemlea kambini, na hakuna aliyemwuliza jina jingine. Alimsikiliza Paskalia mpaka mwisho. Akauliza tu kama watu watakuwa wengi. Alipoambiwa ukumbi utajaa, akakubali.

Kwa maana Mama Akili alikuwepo kwenye barabara ile. Hakukuwa na kifo, hakukuwa na kaburi. Édouard alimwacha mkewe hai, ameegemea ukuta wa shule, akamwambia naenda kuchota maji, ningoje hapa. Akaondoka na dumu, asirudi. Mwingine angepiga kelele siku ileile aliyosikia kwamba bwana huyo yuko Rinkeby, anaheshimiwa. Mama Akili alinyamaza. Maharage hayapakuliwi yanapoanza kutokota. Alitaka kwanza mtu huyo avae suti, wakubwa wamzunguke, ndipo.

Huko juu, Obiero alimwonyesha kidirisha ukutani, kipana kama sahani, kinachotazama ukumbini. Majumba ya Kiingereza yalikuwa navyo, akasema. Mama mwenye nyumba alikaa hapo akimwangalia mumewe na wageni wake, wao wasijue, na maneno yote ya chini yakimpandia.

Mama Akili akainama. Akamwona Gaëlle, bibi arusi, mtoto wa watu, ametulia ndani ya shela. Moyo ukamlegea kidogo. Binti yule hakumkosea kitu.

Kisha akamsikia Édouard akitoa ushuhuda wake, ule autoao kanisani kila mwaka. Homa ilimshika Laurentine jioni. Alfajiri akamfia mapajani. "Nilimzika kwa mikono yangu hii," alisema, sauti ikakatika, na ukumbi mzima ukaguna kwa huruma.

Moyo wa Mama Akili ukakazika tena, kama fundo la kamba iliyonyeshewa.

Obiero alikuwa akijifuta macho. "Maskini mzee wa watu. Alimpenda yule mama."

"Alimpenda. Wangapi walizikwa vizuri hivyo, wakati wa vita?"

Chini, Mchungaji Norbert akaomba mtu wa ukoo wa marehemu ajitokeze. Obiero akaufungua mlango wa ukutani wa huko juu, wa ile ngazi nyembamba. Mama alitakiwa ashuke kwa njia aliyopandia, atokee kando ya jikoni, aseme neno lake.

Hakusogea. "Huyo mama mwenye nyumba," akauliza, "akichoka kuchungulia, alishukia wapi?"

"Ngazi kuu. Ni kwake, nani angemzuia?"

Mama Akili akaiendea ngazi kuu. Alishuka pole pole, kidato kwa kidato, na vichwa vikaanza kugeuka. Cha Édouard kiligeuka mwisho. Tabasamu alilowaandalia wakwe likabaki mdomoni, halina mwenyewe.

Mchungaji Norbert hakuona kitu. Akauliza kwa sauti yake ya ibada, "Mama, ni wewe uliyekuja badala ya marehemu Laurentine?"

"Hapana, Mchungaji," alijibu, macho yake kwa bwana arusi. "Hakuna aliyekuja badala yangu."